Kikulacho ki Nguoni: Sex Pistols na Wachuuzi wa Uasi

Imekuwa ada, kila litajwapo jina la Sex Pistols, wasemaji kugawika makundi mawili. Kundi la kwanza husema: hao walikuwa wahuni wa London, gita hawakulijua na sauti hawakuwa nayo; debe tupu haliachi kuvuma; na muziki wao, huo uitwao panki, kwetu haukuleta ila mkato wa nywele kwa vinyozi. Kundi la pili, ambalo hujiona lina elimu zaidi, husema: hao hawakuwa waasi, bali bidhaa. Alikuwapo mwenye duka mjanja, Malcolm McLaren, aliyewaokota, akawavisha, akawatia matusi vinywani, akawauza; na wote waliobaki, waimbaji na wasikilizaji pamoja, walikuwa mateka wa hila yake.

Kundi la kwanza lina udhuru: halikusikiliza. La pili halina. Limesikiliza, likasoma, kisha likahiari kumwamini mwenye duka na kumwacha mwenye kauli. Makala haya yanalikabili kundi hili la pili. Na ikiwa msomaji wa jarida la mashairi atauliza bendi ya Kiingereza iliyodumu miaka 2 na ushei inamhusu nini, jibu ni kwamba katika kisa chao limo swali ambalo kila atungaye hukutana nalo siku moja: neno likishatoka kinywani, likapendwa, likanunuliwa, ni la nani?

Tuanzie dukani, maana ndiko wapinzani wetu wanakotaka tuanzie. Katika barabara ya King's Road, nambari 430, McLaren na mwenziwe Vivienne Westwood walikuwa wakiuza nguo, na kuanzia 1974 duka lao liliitwa SEX. Hapo walizoea kwenda Steve Jones na Paul Cook, vijana wa magharibi ya London waliokwisha anza kujifunza muziki. Na Glen Matlock alikuwa akifanya kazi mumo humo. Agosti 1975 akaongezwa John Lydon, aliyejaribiwa uimbaji mbele ya mashine ya santuri iliyokuwamo dukani, na ambaye kwa sababu ya meno yake alipachikwa jina la Johnny Rotten, yaani Johnny aliyeoza. Onyesho lao la kwanza lilikuwa tarehe 6 Novemba 1975, katika chuo cha sanaa cha Saint Martin's. Hatukatai kwamba duka liliwapa pa kukutania, nguo za kuvaa na jina la kuitwa. Hayo ni mengi. Lakini hayo si wimbo.

Wimbo ulitoka wapi? Lydon alizaliwa 1956, mtoto wa wahamiaji kutoka Ireland, akakulia katika ufukara wa kaskazini ya London. Alipokuwa na umri wa miaka 7 alipatwa na homa ya uti wa mgongo iliyomlaza hospitali kwa miezi, na alipozinduka kumbukumbu zake zilikuwa zimemtoka, hata wazazi wake akawa hawatambui. Baadaye shuleni alisomeshwa Shakespeare, na amekwisha kueleza kwamba namna yake ya kusimama jukwaani, ule mgongo uliopinda na lile jicho la kebehi, aliichota kwa mfalme Richard III kama alivyoigizwa na Laurence Olivier katika filamu. Mtu aliyepotewa na maneno utotoni, akalazimika kuyaokota upya moja baada ya jingine, huyo haazimi kauli kwa muuza nguo.

Na mwenye sikio la utungo naasikilize "Anarchy in the U.K." kwa makini. Mistari yake ni mifupi, na kila mmoja unakikimbilia kina chake. Panapokosekana kina, mwimbaji hulivuta neno, hulitafuna, hulipinda mpaka likatii. Mwalimu wa arudhi huenda akakunja uso kwa kina hicho cha kulazimishwa. Ila aliyezoea kusikia utenzi ukighaniwa anajua kwamba silabi hurefushwa ili neno likae katika bahari yake. Chini ya maneno hayo yamo mahadhi ambayo Matlock, mpenzi wa nyimbo zenye lahani nzuri, alishiriki kuyajenga, na ukuta wa magita ambao Jones aliupanga tabaka juu ya tabaka. Asemaye kwamba hizi ni kelele zisizo na mpango hajazihesabu.

Sasa tuje kwenye jioni iliyowafanya wajulikane, maana ina uzi unaofika mpaka kwetu. Oktoba 1976 kampuni ya EMI iliwapa mkataba wa pauni 40,000. Tarehe 1 Desemba kampuni hiyo ilitarajiwa kupeleka wageni katika kipindi cha jioni cha televisheni ya Thames. Walioalikwa walikuwa Queen, bendi ya Freddie Mercury, ambaye sisi tunamjua kuwa ni Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Unguja 1946, na ambaye hivi leo jina lake limewekwa mlangoni pa makumbusho Shangani, watalii wakipiga picha. Queen hawakwenda. Asiyekuwapo na lake halipo. Wakapelekwa Sex Pistols badala yao. Mtangazaji, Bill Grundy, aliwachokoza vijana, akamtamkia msichana mmoja aliyesimama nyuma yao maneno yasiyomfaa mtu wa makamo yake, kisha akamhimiza Jones atukane. Jones akatukana, na alipohimizwa zaidi akazidisha. Asubuhi yake magazeti yaliwaka moto. Daily Mirror lilimsimulia dereva wa lori aliyeipiga teke televisheni yake kwa hasira. Grundy alisimamishwa kazi wiki 2. Bendi ilifungiwa kumbi karibu nchi nzima, na Januari 1977 EMI ikaivunja ndoa.

Watetezi wa McLaren huitaja jioni hiyo kuwa kilele cha hila yake. Hebu tutazame. Hakuchagua siku, kwani nafasi iliachwa na wengine. Hakumchagua mtangazaji. Wala si yeye aliyefungua kinywa. Wanabendi wamesimulia kwamba usiku ule alihamanika, akidhani mambo yameharibika. Ujemadari aliujitwalia baadaye, vumbi liliposhuka na faida ikaonekana. Huo ndio ujuzi wake hasa: kuliona jahazi limekwishafika gati, kisha kusimama mbele ya watu akasema nahodha nilikuwa mimi.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Machi 1977 kampuni ya A&M ilitia nao saini mbele ya kasri ya Buckingham; wiki haikutimia, mkataba ukavunjwa na santuri zilizokwisha chapwa zikaharibiwa. Virgin ikawachukua. Tarehe 27 Mei ukatoka wimbo wa "God Save the Queen", katika mwaka wa jubilei ya miaka 25 ya Malkia Elizabeth. BBC iliupiga marufuku, maduka kadhaa yakakataa kuuweka, na bado ulifika nafasi ya 2 katika orodha ya mauzo wiki ile ile ya sherehe. Hadi leo wapo wanaoshuku kwamba nafasi ya 1 ilinyimwa kwa makusudi. Mwezi wa Juni Lydon alishambuliwa mtaani kwa silaha zenye makali, akajeruhiwa mkono. Tuwaulize wapinzani wetu: ikiwa uasi ulikuwa wa mwenye duka, mbona damu ilikuwa ya mwimbaji?

Likafuata jambo ambalo wapenzi wa lugha hawana budi kulijua. Albamu yao, Never Mind the Bollocks, Here's the Sex Pistols, ilitoka Oktoba 1977 ikapanda hadi nafasi ya 1. Katika mji wa Nottingham, msimamizi wa duka la santuri alishitakiwa kwa kuliweka jalada lake dirishani, kwa sheria ya mwaka 1889 ya matangazo ya aibu, kwa kuwa neno moja la jina hilo katika usemi wa mtaani hutaja sehemu za siri za mwanamume. Wakili John Mortimer, ambaye mwenyewe alikuwa mwandishi, alimwita mahakamani profesa wa Kiingereza wa chuo kikuu cha mji huo, James Kinsley. Profesa akaeleza kwamba neno lile ni la kale, kwamba lilipata kuwa jina la utani la makasisi, na kwamba katika matumizi yale halikuwa na maana ila upuuzi. Mahakimu, kwa uchungu usiofichika, wakasema hakuna kosa. Tazama basi: dola ilikwenda mahakamani kupigana na neno, na neno likatetewa kwa historia yake. Kisa hicho hakikutungwa King's Road. Lugha yenyewe ilisimama kizimbani, ikajitetea.

Lakini wakati huo huo bendi ilikuwa ikiliwa kwa ndani. Februari 1977 Matlock alitoka, naye alikuwa ameshiriki kutunga nyimbo 10 kati ya 12 za albamu ile. Akaingia Sid Vicious, rafiki wa Lydon, kijana mwenye sura ya kupigwa picha na asiyejua ala aliyokabidhiwa. Sehemu kubwa ya gita la besi katika albamu ikabidi apige Jones. Hapo ndipo duka lilipoishinda bendi. Palipokuwa na mtunzi pakawekwa mfano wa nguo. Na tuseme lililo la haki: miongoni mwa mavazi hayo ilikuwamo alama ya swastika ya Hitler, ambayo Vicious aliivaa kifuani kama pambo. Wapo wanaosema ilikuwa ya kuwaudhi wazee tu. Sisi hatusemi hivyo. Alama iliyosimamia mauaji ya mamilioni haiwi utani kwa kuwa imechapwa kwenye fulana, na aliyeichapa na kuiuza ana hesabu kubwa kuliko kijana aliyeivaa. Hilo ni tunda la dukani, mahali ambapo kila kitu, hata msiba wa watu, kina bei yake.

Januari 1978 walizungushwa Marekani, wakipelekwa kwa makusudi katika miji ya kusini ambako walitarajiwa kuzusha ghasia kuliko kusikilizwa. Tarehe 14, katika ukumbi wa Winterland, San Francisco, Lydon aliimba wimbo wa mwisho akiwa amechoka, akawauliza waliohudhuria kama wamepata kuhisi kwamba wametapeliwa. Watu wengi hulichukulia swali hilo kuwa tusi kwa wasikilizaji. Mimi naliona kuwa ni ushahidi wa mtu aliyeibiwa, akiutoa mbele ya maelfu. Bendi ikafa hapo. Oktoba mwaka huo Nancy Spungen, mpenzi wa Vicious, alikutwa amekufa kwa kuchomwa kisu katika hoteli ya Chelsea, New York, na Vicious akashitakiwa. Kesi haikusikilizwa: tarehe 2 Februari 1979 Vicious alikufa kwa dawa za kulevya, akiwa na umri wa miaka 21. Bado maiti mbili hizo zinauzwa kwenye fulana.

Mwaka 1980 ikatoka filamu iitwayo The Great Rock 'n' Roll Swindle, ambamo McLaren anajionyesha kuwa ndiye aliyebuni yote, na bendi ni udongo mikononi mwake. Kundi la pili tunalolikabili limelishwa kwa kijiko cha filamu hiyo. Linasahau mambo mawili. La kwanza, mwongozaji wake, Julien Temple, alirudi mwaka 2000 na filamu nyingine, The Filth and the Fury, iliyowapa wanabendi nafasi ya kukisema kisa chao wenyewe. La pili ni zito zaidi. Lydon alimpeleka McLaren mahakamani. Shauri likaanza kusikilizwa 1979, likaburura hadi Januari 1986, na mwisho wake haki za nyimbo na mali ya bendi zikarejeshwa kwa wanabendi, na fungu la Vicious likamfikia mama yake. Kama vijana wale walikuwa udongo, udongo huo ulijua njia ya mahakama.

Hapa mpinzani mwerevu ataleta hoja yake bora, na ni haki tuipokee. Atasema: bila ya McLaren nani angewasikia? Na huyo Lydon wako, si ndiye aliyewarudisha wenziwe jukwaani 1996 katika safari ambayo jina lake lenyewe lilimaanisha fedha ya aibu? Si ndiye aliyetangaza siagi katika televisheni 2008? Na si wenziwe hao hao, Jones na Cook, waliomshinda mahakamani Agosti 2021, alipotaka kuzuia nyimbo zisitumiwe katika tamthilia ya Pistol iliyoongozwa na Danny Boyle?

Ni kweli yote. Kuhusu la kwanza, najibu kwamba mpiga mbiu ana ujira wake, na McLaren alistahiki wake. Mbiu haimpi haki ya kuitwa mwenye ngoma. Kuhusu siagi, mtu kuuza sura yake si sawa na kuuziwa kauli yake na mwengine. Kuhusu kesi ya 2021, jaji alifuata mapatano ambayo wanabendi walitia saini 1998, kwamba mambo yaamuliwe kwa kura ya walio wengi. Wengi wape. Hukumu ilikuwa ya sheria, wala siilaumu. Ila nasema kwamba iliacha jambo moja lisilo na dawa ya kisheria: wimbo ni ushirika, na anayeleta maneno akisharidhia ushirika hana tena kura ya turufu juu ya maneno yake. Atungaye ajue hilo kabla hajashika kalamu ya kutia saini, si baada ya miaka 23. Na hata hapo tofauti inabaki. Jones na Cook walikuwa na haki ya kura kwa sababu walikuwamo chumbani wimbo ulipozaliwa. Mwenye duka hakuwamo.

Basi urithi wao ni upi? Wachuuzi wana jibu lao. Mwaka 2015 benki ya Virgin Money ilichapa picha za majalada ya Sex Pistols kwenye kadi za mkopo, ili mwananchi aasi huku akilipa riba. Tarehe 26 Novemba 2016, katika miaka 40 ya "Anarchy in the U.K.", Joe Corré, mwana wa McLaren na Westwood, aliyatia moto katika mto Thames mavazi na vitu vya enzi ile ambavyo yeye mwenyewe alivikadiria kuwa na thamani ya pauni milioni 5. Alikusudia kupinga biashara ya kumbukumbu. Lakini hata moto wake ulikuwa na kibandiko cha bei. Aliyezaliwa dukani huungua dukani.

Jibu letu liko Manchester. Tarehe 4 Juni 1976, kabla ya televisheni na kabla ya mikataba, Sex Pistols walipiga katika ukumbi mdogo wa Lesser Free Trade Hall mbele ya watu wanaokadiriwa kuwa 40 hivi. Waliowaalika walikuwa Pete Shelley na Howard Devoto. Walikuwamo Bernard Sumner na Peter Hook, ambao baadaye waliunda Joy Division. Alikuwamo Morrissey, aliyekuja kuandika maneno ya nyimbo za The Smiths. Hawakutoka na fulana. Walitoka na ruhusa. Shelley na Devoto, na bendi yao ya Buzzcocks, walikopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakarekodi nyimbo 4, na Januari 1977 wakatoa santuri ya Spiral Scratch wenyewe, nakala 1,000 za mwanzo, bila ya kampuni. Juu ya jalada waliandika kila wimbo ulipigwa mara ngapi hata ukakubalika, ili msomaji aone kwamba hapakuwa na siri.

Na Julai ya mwaka huo wa 1976, katika gati la mji wa Hastings, binti wa miaka 19, ambaye baba yake alikuwa Msomali na mama yake mwanamke wa Uingereza, aliwaona Sex Pistols siku ya kuzaliwa kwake. Akarudi London, akatangaza kutafuta wenziwe, akaunda X-Ray Spex, akajiita Poly Styrene, jina la plastiki ya kutupwa. Albamu yake ya 1978, Germfree Adolescents, inaikejeli dunia ya maduka inayomtaka binadamu awe bidhaa. Huyu ndiye mrithi wa haki: aliichukua ruhusa, akaliacha duka, kisha akaligeuzia duka ulimi. Alifariki 2011, na maneno yake bado yanajulikana kuwa ni yake.

Nimalizie kwetu, maana hoja isiyorudi nyumbani ni mgeni. Sisi watu wa mwambao tunajivunia kuwa watu wa maneno. Lakini tuulizane: katika nyimbo tunazozihifadhi, zinazopigwa arusini na redioni, ni ngapi ambazo tunamjua mwimbaji, tunaijua kilabu, tunamjua hata aliyeishona sare, ilhali mtunzi hatumjui? Diwani ngapi zimo makabatini zikisubiri mwenye fedha azisifu kwanza? Kikulacho ki nguoni mwako. Vijana wanne wa London walihitaji miaka 7 ya mahakama kurejeshewa walichokisema kwa vinywa vyao. Sisi hatuhitaji mahakama kuanza. Tunahitaji kwamba kila wimbo unapotangazwa, jina la aliyeutunga litamkwe kabla ya jina la aliyeulipia. Na kila mtunzi mwenye pauni 500 za kukopa, au shilingi zinazolingana nazo, asingoje duka limfungulie mlango.